Hatua Tatu Nilizowafundisha

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri bila upepo, ziwa likawa halionekani kabisa kutoka huku kwetu Ujiji, kisha saa tano jua likatoka kama vile hakukuwa na kitu.

Vijana wangu, ninyi mnaoshika mwiko na tepu sasa hivi, nawaandikia nikiwa na hasira. Nilitaka kusubiri ipoe, lakini naona ikipoa nitasahau, na nikisahau mtaendelea kujenga vile vile. Sina uhakika kama ninaweza kulieleza jambo hili sawasawa. Niliishia darasa la saba, na hesabu ndiyo iliyoniangusha. Lakini miaka zaidi ya thelathini nimetandaza mabomba ya maji na kufanya uashi, kuanzia Kalinzi juu kwenye baridi mpaka vijiji vya ufukweni ambako unafika na mabomba yako ndani ya boti. Nikiitazama kazi hiyo yote sasa, naona ilikuwa kazi ya kitu kimoja: mteremko. Sekondari wanakifundisha kwa chaki, kwenye mistari minyoofu. Mimi nilikishika kwa mikono bila kujua kuwa kinafundishwa. Na niliwafundisha wengine vibaya. Nalo hilo nitalisema likifika mahali pake, msinikimbize.

Hasira inatokana na mwalimu mmoja. Anaitwa Tumaini, ametoka Njombe, na Serikali imemleta hapa kufundisha hesabu. Amepanga chumba cha uani kwangu tangu Januari. Hatembei, anatumia kiti mwendo, na mikono yake ina nguvu kuliko ya mafundi wengi niliowahi kuwa nao. Kwenye tambarare humpati. Mke wangu, Mama Sauda, anamwita "mwanangu wa magurudumu", na yeye anacheka.

Shule anayofundisha sitaitaja. Iko kwenye mwinamo kama nusu ya mji huu, na darasa lake liko katika jengo refu lenye baraza mbele. Ili sakafu iwe sawa, waliojenga waliinua msingi, kwa hiyo baraza liko juu ya ardhi. Kabla hajafika, shule ilijengewa njia ya mteremko ya kupandia watu wa viti mwendo, ile mnayoiita rampu. Iko mbele ya ofisi ya mkuu, imepakwa rangi nyeupe na nyekundu pembeni. Wageni walikuja, wakapiga picha wamesimama juu yake, wakaondoka.

Hakuna hata mmoja wao aliyeipanda kwa magurudumu.

Mwalimu Tumaini alikuwa anasukumwa na wanafunzi wanne kila asubuhi, wawili nyuma, wawili wanavuta. Jumatatu moja ya mwezi uliopita simenti ililoa, mmoja akateleza, kiti kikarudi nyuma chote na mwalimu juu yake. Kiwiko kilichubuka mpaka nyama. Siku ya pili akapewa barua. Alimsomea Mama Sauda uani, mimi nikiwa natengeneza kiti changu karibu.

"Nimepangiwa kugawa vitabu stoo," alisema. "Darasa atapewa mwingine. Wameandika ni kwa usalama wangu."

"Stoo iko wapi?" aliuliza mke wangu.

"Chini, kwenye tambarare. Karibu na vyoo."

"Na hesabu?"

"Hesabu iko juu, mama. Mimi nitakuwa chini."

Hakulia. Afadhali angelia, maana alivyokunja ile barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, mimi nilishindwa kukaa. Kwa usalama wake! Mtu amesoma miaka yote hiyo, anawaeleza watoto hesabu mpaka wanamfuata hapa nyumbani jioni kuuliza zaidi, halafu anazuiwa na kipande cha simenti. Mimi nimeishi kwa kazi ya simenti. Niliona kama nimetukanwa mimi.

Basi kesho yake nikachukua tepu, kamba na mpira wangu wa maji, nikapanda bodaboda hadi shuleni. Mpira wa maji baadhi yenu hamuujui, mmezoea vile vifaa vya taa nyekundu. Ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaujaza maji, unashika ncha moja hapa na nyingine kule. Usawa wa maji kwenye ncha mbili ni mmoja, hata kama katikati kuna jengo. Haudanganyi. Ukikudanganya, ujue umeacha povu la hewa ndani, na hapo aliyedanganya ni wewe.

Nikapima. Kutoka ardhini hadi sakafu ya baraza, pale mbele ya ofisi: sentimita sitini. Urefu wa njia yenyewe ukiupima ardhini, kwa usawa: sentimita mia mbili na arobaini.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo penye kosa. Mteremko si kimo, na wala si urefu. Ni kimo ukikigawanya kwa mwendo. Sitini kwa mia mbili na arobaini ni moja kwa nne: ukisogea hatua nne mbele, umepanda kimo cha hatua moja. Huo si mteremko wa binadamu aliyekaa kwenye kiti, huo ni wa mbuzi. Mwalimu Tumaini anasema moja kwa kumi na mbili ndiyo ambayo mikono yake inaimudu bila msaada, na nimemwamini, mikono ni yake.

Mzee Bitegeko, aliyenifundisha kazi kule Kalinzi, hakuwahi kuishika kalamu. Lakini alikuwa akinilaza kifudifudi kwenye mtaro, jicho langu usawa wa bomba, ananiambia, "Usiniambie limeshuka vidole viwili. Limeshuka vidole viwili katika mwendo gani?" Nikisahau mwendo, ananirushia udongo. Siku moja nilimuuliza kwa ujeuri, "Na huu ukuta, mzee, mteremko wake ni ngapi?" Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Ukuta usiuulize mteremko. Haujaenda popote." Nilicheka tu. Juzi Mwalimu Tumaini amenieleza kwamba mstari uliosimama wima kweli hauna mteremko, kwa sababu mwendo wake ni sifuri na huwezi kugawanya kwa sifuri. Sifuri ya kugawanya sijaielewa vizuri bado. Ya ukuta naielewa.

Msidhani nilikuwa hodari. Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, niliwahi kuaibika mbele ya kijiji kizima. Kipande cha mwisho cha bomba kilikuwa karibu tambarare, huwezi kujua kwa macho kinashuka au kinapanda. Nikapima umbali kuanzia kwenye tangi kwenda ufukweni. Lakini nilipotoa vimo, nikaanza na cha tangi, nikatoa cha ufukweni, ilhali kwenye umbali nilianza na wa ufukweni, nikatoa wa tangi. Jibu likageuka. Daftari langu likasema bomba linapanda kuelekea ziwani. Nikawachimbisha watu siku mbili wazidi kuzamisha mtaro ambao ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akaniita mbele ya watu, "Fundi! Hayo maji yetu umeyafundisha kupanda ngazi?" Mpaka nilipopanda boti kurudi walikuwa wanacheka. Tangu hapo nina sheria: kituo ulichoanza nacho katika kutoa vimo, anza na hicho hicho katika kutoa umbali. Ukifuata hilo, alama ya kutoa itakuambia ukweli, kwamba mstari unashuka. Ukilichanganya, utachimba.

Turudi shuleni. Nilipomaliza kupima nikauliza, nani alijenga hii? Wakaniambia ni fundi Shabani, wa Mwanga, hapa hapa mjini.

Shabani! Huyo alikuwa kwangu miaka sita. Nimemlisha, nimemfundisha kushika timazi. Nilikwenda Mwanga moja kwa moja, mpira wa maji begani unachuruzika, watu wanaangalia. Nikamkuta mbele ya duka la vifaa anapakia nondo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Wewe umejenga kitu gani pale shuleni?"

"Rampu, mzee."

"Ile ni rampu au ni paa? Mtu ameanguka pale. Mwalimu!"

Akaweka nondo chini. "Ameumia?"

"Kiwiko. Na wanamwondoa darasani. Nani alikwambia ujenge mita mbili na arobaini kwenye kimo kama kile?"

Akajifuta vumbi mikononi. Wenzake wakaacha kupakia, wakisubiri utamu. Kisha akasema polepole, bila kejeli, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Hatua tatu, mzee. Si ni wewe? Ulisema rampu ni hatua tatu."

Kijana mwingine juu ya gari akapasuka kicheko. "Ego, ndivyo! Hata mimi nimefundishwa hivyo na Shabani. Rampu, hatua tatu, basi!"

Vijana, mimi nilisimama pale kama kigingi. Kwa sababu ni kweli. Wakati ule tulikuwa tunajenga zahanati, na zahanati zetu zote zilikuwa na sakafu ya sentimita ishirini. Hatua yangu moja ni sentimita themanini, nimeipima. Hatua tatu ni mia mbili na arobaini. Ishirini kwa mia mbili na arobaini ni moja kwa kumi na mbili sawasawa. Kwa hiyo hatua tatu zilikuwa sahihi, kila siku, kila zahanati, na mimi nikazigeuza kuwa sheria, kwa sababu vibarua walikuwa wengi na sheria fupi inabebeka. Niliwapa mwendo bila kimo. Kosa lile lile ambalo Mzee Bitegeko alinirushia udongo kwa ajili yake, mimi nikaligeuza upande wa pili na kuliita ufundi. Na Shabani akawapa wengine. Sijui ni ngapi ziko huko nje, hatua tatu tatu, mbele ya milango iliyoinuka.

Nilimwambia Shabani, "Basi tumekosa wote wawili, na mimi zaidi."

Akasema, "Hapana mzee, macho ninayo. Nilipomaliza niliona imesimama mno. Nikasema, ah, mzee alisema."

Mgawanyo huo wa kosa naona ni wa haki. Nauacha hivyo.

Jumatano ya wiki iliyopita tukaenda wote kwa mkuu wa shule, mimi, Shabani na Mwalimu Tumaini. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini niseme haki: yule mkuu alihangaika kuipata hata hiyo simenti ya kwanza, na barua aliiandika kwa sababu kweli aliogopa mtu asife mikononi mwake. Ila nilimwambia pia kwamba uoga wake umemwangukia mtu mwingine. Akakunja uso.

"Mzee, sitini mara kumi na mbili ni mia saba na ishirini," alisema. Kumbe naye anajua hesabu. "Hatua zako tisa. Zikitoka hapa zinaishia katikati ya njia ya magari. Nafasi haipo. Ndiyo maana nikasema stoo."

Hapo mimi nilianza kukunja kamba. Shabani naye akaanza kuangalia viatu vyake. Ni Mwalimu Tumaini aliyeuliza, "Mzee Yasini, kimo umekipima wapi?"

"Hapa mbele ya ofisi."

"Na kule mwisho wa baraza?"

Kule mwisho ni upande wa jiko la shule, kumejaa kuni. Sikupima. Nani anapima penye kuni? Njia ya wageni iko mbele ya ofisi, basi na macho yetu sote yalikuwa mbele ya ofisi.

Akatupa kazi kama wanafunzi wake. Shabani ncha moja ya mpira, mimi nyingine, tuanzie kwenye kuni, na kila mita nne tusome kimo cha baraza kutoka ardhini. Yeye akaandika kwenye daftari gotini. Mwanzo, ishirini. Mita nne, thelathini. Mita nane, arobaini. Mita kumi na mbili, hamsini. Mita kumi na sita, pale ofisini, sitini.

Madirisha yalikuwa yamejaa vichwa vya wanafunzi wake. Akageuza kiti, akawapigia kelele kutoka chini, "Nyie! Chagueni nukta mbili, zozote!"

Msichana mmoja akajibu, "Ya nne na ya kumi na mbili, madamu!"

"Kimo?"

"Hamsini toa thelathini, ishirini!"

"Mwendo?"

"Kumi na mbili toa nne, nane!"

"Gawanya."

"Mbili na nusu!"

"Haya, mwingine, nukta nyingine."

"Ya mwanzo na ya mwisho! Arobaini kwa kumi na sita... mbili na nusu!"

"Tena!"

"Mbili na nusu!" wakaimba, wakaanza kupiga madawati, mpaka mkuu akawanyamazisha.

Hicho ndicho kitu ambacho sikukijua miaka yote, au nilikijua kwa mgongo tu. Mstari ukiwa mnyoofu, mteremko wake ni mmoja popote unapoupima, kipande kidogo au kikubwa. Ardhi ile inashuka sentimita mbili na nusu kila mita, haijali uko kwenye kuni au kwenye ofisi. Kimo ndicho kinachobadilika. Akatuandikia kwamba kimo ni mbili na nusu mara umbali, kisha ongeza ishirini. Namba mbili tu. Moja inakuambia mstari unaendaje, nyingine unaanzia wapi. Shabani na mimi tulikuwa hatuna hata moja kati ya hizo mbili. Tulikuwa na hatua tatu.

"Sasa," akasema, "nataka mahali ambapo kimo ni kidogo kabisa. Wapi?"

"Kwenye kuni," tukajibu, wazee wazima.

"Kimo?"

"Ishirini."

Shabani akaanza kucheka kabla yangu. Ishirini mara kumi na mbili ni mia mbili na arobaini. Hatua tatu! Zilezile, ila mahali pake, kuelekea uwanjani, ambapo nafasi ipo tele, na baraza lenyewe juu ni tambarare hadi mlango wa darasa la Mwalimu Tumaini. Mteremko wa baraza ni sifuri, na sifuri ya namna hiyo ndiyo anayoipenda.

Mkuu aliziangalia zile kuni. "Wageni hawatapaona huku," alisema.

Nilitaka kusema neno baya. Mwalimu Tumaini akaniwahi, kwa adabu. "Mkuu, mimi siyo mgeni."

Akaifuta barua siku ile ile? Hapana. Alisema akiona kwa macho atafuta. Wapishi walihamisha kuni wakinung'unika, na walikuwa na haki, hakuna aliyewauliza. Shabani akamwaga zege bila kudai ujira, mimi nikavuta kamba. Safari hii hatukuhesabu hatua. Tulipima kimo, tukapima mwendo, tukagawanya, halafu Mwalimu Tumaini akatuambia tupime tena, tukaona tumepitiliza kimo kwa sentimita mbili, tukakwangua. Nilikasirika kidogo kukosolewa kwa sentimita mbili. Lakini hizo mbili ni mwendo wa ishirini na nne kwake.

Wiki nzima zege limemwagiwa maji likomae. Leo, mvua ilipokatika, ilikuwa siku yake.

Wanafunzi wale wanne walikuja kusimama nyuma yake kwa mazoea. Akawaambia, "Kaeni pembeni." Akashika magurudumu. Lilikuwa limeloa bado, na mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo moja kwa kumi na mbili, moja kwa kumi na mbili, kama vile kuhesabu kunasukuma. Alisukuma mara saba. Juu hakugeuka kututazama wala hakupunga mkono. Alinyoosha moja kwa moja kwenye baraza hadi darasani, na tukasikia, "Kaeni. Tuliishia wapi?"

Mkuu akaitoa nakala yake ya barua mfukoni, akaichana mara mbili. Namshukuru kwa hilo. Ile rampu ya rangi bado ipo mbele ya ofisi, moja kwa nne, hajaivunja, anasema itakuwa kupoteza mali. Mimi nasema itamvunja mtu mwingine. Hapo hatujakubaliana, na Jumatatu narudi kwake.

Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikimsimulia Mama Sauda mara saba alizosukuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na hapa?"

"Hapa wapi?"

"Tangu Januari mwanangu anakula uani. Wewe ulidhani anapenda upepo?"

Niliangalia mlango wangu mwenyewe, nilioujenga kwa mikono yangu. Kuna kidato pale ninachokipanda kila siku bila kukiona. Nikachukua tepu. Sentimita kumi na nane. Mara kumi na mbili, mia mbili na kumi na sita. Nikampigia Shabani simu, akaja na karai lake. Mfuko wa simenti nilinunua mwenyewe, msije mkasema ni wa shule. Mwalimu Tumaini alirudi kutoka kazini akatukuta tunasawazisha. Akaangalia, akaomba tepu, akapima. Alirudisha tepu, akaenda kunawa.

Zege bichi halikanyagwi, kwa hiyo leo hakuna aliyeingia ndani. Tulikula uani wote, ugali wa muhogo na migebuka ya ziwa letu iliyoungwa kwa mawese, Shabani akamaliza mchuzi.